Ujuzi Hauzeeki: Somo Kuhusu Uanagenzi wa Teknolojia kwa Wataalamu Wenye Ulemavu



Siku chache baada ya toleo lililopita la jarida hili kusambazwa, ofisi yetu ya habari ilipokea simu kutoka kwa mkazi mmoja asiyeona. Ni mhasibu mwenye stashahada, aliyefanya kazi kwa miaka sita kabla ya kupoteza uoni. Alitueleza kwamba simu yake humsomea kwa sauti karibu kila anachotumiwa: ujumbe wa ndugu, habari za siku, hata taarifa za fedha zake. Lakini alipolifungua jarida letu, simu ilitamka neno moja tu, "picha", kisha ikanyamaza. Sababu ni kwamba kurasa zile zilikuwa zimepigwa picha, zikatumwa kama picha. Mtu anayeona alizisoma bila taabu. Simu ya mtu asiyeona haikukuta ndani yake hata neno moja la kusoma.

Ndani ya toleo lile kulikuwa na tangazo la nafasi za mafunzo kazini. Alilisikia kwa jirani, siku mbili baada ya muda wa maombi kupita.

Kosa hilo lilikuwa letu, na tunaomba radhi. Wahenga walisema, kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kuanzia toleo hili, nakala ya jarida inayosambazwa kwa simu itakuwa ya maandishi yanayoweza kusomwa na programu za sauti. Hata hivyo, radhi peke yake haitoshi. Simu ile ilitufanya tujiulize ni wataalamu wangapi katika kata zetu ambao vyeti vyao vimefungiwa sandukuni kwa sababu jamii imedhani kuwa ulemavu umefuta elimu yao. Ndiyo maana somo la toleo hili linahusu uanagenzi wa teknolojia kwa wataalamu wenye ulemavu.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji anatarajiwa kuweza kueleza maana ya uanagenzi, kutaja vifaa vinavyomwezesha mtu mwenye ulemavu kufanya kazi za kompyuta, kuzifahamu haki zilizowekwa na sheria, na kujua hatua za kuchukua akiwa mwombaji, mwajiri, mzazi au jirani.

Uanagenzi ni nini?

Uanagenzi ni utaratibu wa kujifunza kazi kwa kuifanya, chini ya mtu anayeijua, kwa muda uliokubaliwa. Jambo hili si geni kwetu. Seremala, mshonaji, mhunzi na fundi wa majahazi wamepokezana ujuzi kwa njia hii tangu zamani: kijana huanza kwa kushika ubao, kisha hupewa randa, na mwisho hutengeneza mlango wake mwenyewe mbele ya macho ya fundi. Kipya ni kuuweka utaratibu huo katika mfumo rasmi. Mwaka 2017 Serikali ilitoa mwongozo wa taifa wa uanagenzi, unaounganisha mafunzo ya chuoni na mafunzo ya mahali pa kazi, ili mwanagenzi amalize akiwa na stadi zinazopimika na kutambuliwa.

Uanagenzi hutofautiana na mafunzo tarajali. Mafunzo tarajali ni kwa mhitimu aliyekwisha kusomea fani, ambaye anakwenda kupata uzoefu katika fani hiyohiyo. Mwanagenzi anajifunza stadi ambayo bado hana. Kwa sababu hiyo, hata mtaalamu mwenye shahada au stashahada anaweza kuwa mwanagenzi iwapo mazingira yamemlazimu kujifunza njia mpya ya kufanya kazi yake, au kuingia katika kazi nyingine kabisa. Hakuna aibu katika jambo hilo. Mhasibu anayejifunza upya kuandaa hesabu kwa kusikiliza badala ya kutazama hajarudi darasa la kwanza. Uhasibu wake uko palepale. Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia.

Kwa nini tuzungumzie wataalamu?

Katika mazungumzo ya kila siku, neno ulemavu huleta picha ya mtoto anayehitaji shule au mzee anayehitaji msaada. Ni nadra kumfikiria mwalimu, muuguzi, mhandisi au karani. Lakini Kiswahili kina methali inayotukumbusha: hujafa hujaumbika. Ajali ya pikipiki, kisukari, shinikizo la macho au kiharusi huweza kumfika mtu akiwa na miaka thelathini na mitano, akiwa na cheti, uzoefu na familia inayomtegemea. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watu bilioni 1.3 duniani wanaishi na ulemavu mkubwa, yaani mtu mmoja katika kila sita. Kundi la ukubwa huo haliwezi kukosa wasomi na mafundi ndani yake.

Mtaalamu anapopata ulemavu, mara nyingi hupoteza vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni uwezo fulani wa mwili, nacho hupewa jina na daktari. Cha pili ni nafasi yake katika kazi, nacho hupotea polepole na bila jina. Mwajiri humwambia apumzike kwanza. Ndugu humwambia asijisumbue. Wenzake huacha kumpigia simu. Mwaka mmoja baadaye hakuna aliyemfukuza, lakini hana kazi. Hasara hiyo si yake peke yake. Kijiji kilichomsomesha mwalimu kwa miaka mingi, kisha kikamwacha aketi barazani, kimepoteza mwalimu.

Kazi za teknolojia ya habari na mawasiliano zina umuhimu wa pekee hapa kwa sababu nyingi kati yake hazitegemei miguu yenye nguvu wala macho makali. Hutegemea akili, umakini na kifaa kilichoandaliwa vizuri. Kuingiza na kuhakiki takwimu, kutunza hesabu kwa kompyuta, kuhudumia wateja kwa simu au kwa maandishi, kutengeneza simu na kompyuta, kusanifu mabango, kuandika programu: zote ni kazi ambazo watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali wanazifanya duniani leo.

Mfano wa kujifunza: safari ya Chieko Asakawa

Ili tuone jinsi njia hii inavyofanya kazi, tumtazame mtu mmoja ambaye historia yake inajulikana. Tunamchukua mtu wa mbali, kutoka Japani, kwa kuwa safari yake yote kuanzia chuoni hadi kazini imekwisha kuonekana, na hatua alizopitia ni zile zile ambazo mkazi wa kata yetu angepaswa kupitia.

Chieko Asakawa alizaliwa mwaka 1958. Akiwa na miaka 11 aliumia jicho katika bwawa la kuogelea, na alipofika miaka 14 alikuwa haoni kabisa. Aliendelea na shule, akasoma fasihi ya Kiingereza katika chuo kikuu, akahitimu mwaka 1982. Baada ya hapo alijiunga na kozi ya miaka miwili ya uandishi wa programu za kompyuta iliyoandaliwa kwa ajili ya watu wasioona. Tuzingatie jambo hili: tayari alikuwa msomi, lakini alikubali kuanza fani mpya kama mwanafunzi.

Mwaka 1984 alipokelewa katika kituo cha utafiti cha kampuni ya IBM mjini Tokyo kwa nafasi ya muda, kama mtafiti mwanafunzi. Nafasi hiyo ilimpa alichohitaji: dawati, kazi halisi, na watu wa kuiona kazi yake. Mwaka uliofuata aliajiriwa moja kwa moja. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni mfumo wa kuandaa na kusambaza vitabu vya nukta nundu kwa kompyuta. Mwaka 1997 ilitoka programu aliyoiongoza, Home Page Reader, iliyozisoma kwa sauti kurasa za intaneti. Kupitia programu hiyo, watu wasioona katika nchi mbalimbali waliweza kusoma habari na kutafuta taarifa wenyewe, bila kumsubiri mtu wa kuwasomea. Mwaka 2004 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Tokyo, na mwaka 2019 jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa taifa nchini Marekani.

Somo la kwanza katika safari hii ni kwamba mafunzo yalitangulia kazi, nayo yaliandaliwa kwa namna anayoweza kuyafuata. Somo la pili ni kwamba mwajiri hakutakiwa kuamini maneno. Alitakiwa kutoa nafasi ya muda, kisha aipime kazi. Somo la tatu ndilo kubwa zaidi. Aliyepewa nafasi alitengeneza chombo ambacho wenzake wanaoona hawakuwa wamekitengeneza, kwa sababu yeye aliijua shida ile kwa kuiishi. Mtu mwenye ulemavu akiingia katika karakana ya teknolojia, huingia na maarifa ambayo karakana haikuwa nayo.

Vifaa: kompyuta inatumikaje?

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: mtu asiyeona atatumiaje kompyuta? Swali ni la haki, nalo linastahili jibu la wazi.

*Kwa mtu asiyeona*, ipo programu iitwayo kisoma skrini. Kazi yake ni kutamka kwa sauti yaliyomo kwenye kioo cha kompyuta au simu. Mtumiaji hatumii kipanya, hutumia vitufe. Anapofungua jedwali la hesabu na kubonyeza kitufe cha mshale, programu humtajia kiasi kilichoandikwa katika kisanduku na mahali kisanduku kilipo. Akisogea kulia, husikia kisanduku kinachofuata. Mhasibu anayeijua kazi yake hulijenga jedwali zima kichwani, kama msomaji wa ramani. Mojawapo ya programu hizi ni NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 nchini Australia na Michael Curran, akishirikiana na James Teh, wote wawili wakiwa watu wasioona. Hutolewa bure, hufanya kazi katika kompyuta za Windows, na huja na sauti inayoweza kusoma Kiswahili. Katika simu za Android ipo huduma ya TalkBack, ambayo kwa kawaida huwa tayari ndani ya simu; huwashwa kupitia sehemu ya mipangilio.

*Kwa mtu mwenye uoni hafifu*, wakiwemo wengi wenye ualbino, kompyuta ina kikuzaji kinachofanya maandishi kuwa makubwa, na inaweza kubadilishwa ionyeshe maandishi meupe juu ya rangi nyeusi ili mwanga usiumize macho. Dawati lisikabiliane na dirisha lenye jua. Kwa mtu mwenye ualbino, kazi ya ndani ina faida nyingine: humkinga na jua linalodhuru ngozi yake.

*Kwa kiziwi*, kompyuta yenyewe haina kikwazo kikubwa. Kikwazo kiko katika mafundisho. Mkufunzi anayeeleza huku amegeukia ubao, au anayetoa maagizo kwa kupaza sauti kutoka chumba cha pili, amemfungia mwanagenzi wake mlango. Dawa yake ni mkalimani wa lugha ya alama katika vipindi vya mafundisho, maagizo ya maandishi, na utaratibu wa kuonyesha kwanza, kueleza baadaye.

*Kwa mtu mwenye ulemavu wa mikono*, kompyuta inaweza kuwekwa ili vitufe vinavyotakiwa kubonyezwa kwa pamoja vibonyezwe kimoja baada ya kingine, au maandishi yaingizwe kwa sauti. *Kwa mtumiaji wa kitimwendo*, tatizo mara nyingi haliko kwenye dawati bali mlangoni. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba kila sentimita moja ya kimo huhitaji sentimita 12 za urefu wa njia ya mteremko. Ngazi moja ya sentimita 15, basi, huhitaji mteremko wa sentimita 180. Ni kazi ya siku chache kwa fundi mwashi wa kijijini, na mama mwenye mtoto mgongoni atainufaikia pia.

Msomaji ataona kuwa sehemu kubwa ya marekebisho haya haidai fedha nyingi. Mengine ni programu za bure, mengine ni kubadilisha mpangilio uliomo tayari ndani ya kifaa, na mengine ni adabu ya kufundisha.

Sheria inasemaje?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 22, inatamka kwamba kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini, na ulemavu ni miongoni mwa misingi ya ubaguzi iliyokatazwa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaingia ndani zaidi. Inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, wa umma au wa binafsi, ahakikishe kuwa angalau asilimia tatu yao ni watu wenye ulemavu wenye sifa zinazohitajika. Kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 100, maana yake ni watu watatu.

Maneno "wenye sifa" ndiyo kiini cha somo letu. Waajiri wengine husema wako tayari kutekeleza sheria ila hawawapati wenye sifa. Wataalamu wenye ulemavu nao husema hawapati mahali pa kuzipatia sifa hizo. Pande zote mbili husubiri, na miaka hupita. Uanagenzi ndio daraja kati yao: humpa mwombaji mahali pa kujenga sifa, na humpa mwajiri muda wa kuziona kwa macho yake kabla ya kutoa ajira.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Mkataba huo, katika Ibara ya 27, unalinda haki ya kazi na unawataja pia wale wanaopata ulemavu wakiwa kazini, pamoja na mipango ya kuwarejesha katika kazi zao. Vilevile unatamka kuwa kumnyima mtu marekebisho stahiki, yaani mabadiliko ya lazima yasiyomwelemea mwajiri kupita kiasi, ni namna mojawapo ya ubaguzi. Kwa mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi, upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Mafao yake hayaishii kwenye fedha; yamo pia matibabu na huduma za utengamao za kumsaidia mfanyakazi arudi kazini.

Hatua kwa mwombaji

Kwanza, jitambulishe. Fika ofisi ya Mtendaji wa Kijiji au wa Kata ukajiandikishe, ukitaja elimu yako na uzoefu wako pamoja na aina ya ulemavu. Orodha inayotaja ulemavu peke yake haimsaidii mtu anayetafuta mhasibu. Afisa Ustawi wa Jamii na Afisa Maendeleo ya Jamii watakuelekeza kwenye huduma zinazokufaa, na kamati ya watu wenye ulemavu katika eneo lako ni mahali pa kupeleka hoja zako.

Pili, jifunze kifaa chako kabla ya kuomba nafasi. Kwa asiyeona, kumudu kisoma skrini huhitaji mazoezi ya kila siku kwa wiki kadhaa. Wiki ya kwanza huchosha, kwa kuwa sauti husema mengi kwa haraka. Punguza mwendo wake, jifunze vitufe vichache, kisha ongeza.

Tatu, tafuta mahali pa mafunzo. Vyuo vya VETA vipo mikoani, na kipo chuo cha ufundi kwa watu wenye ulemavu huko Yombo, Dar es Salaam. Kwa aliyejifunza kazi mtaani bila kupitia chuo, kama vile fundi simu, upo utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi: hupimwa kwa vitendo na, akifaulu, hupewa cheti. Huduma ya ajira ya Serikali, TaESA, huwaunganisha watafuta kazi na waajiri.

Nne, dai makubaliano ya maandishi. Yataje kazi utakayojifunza, muda, jina la msimamizi, posho ikiwepo, marekebisho utakayofanyiwa, na namna utakavyopimwa mwishoni. Uanagenzi usio na mwisho ni kazi ya bure iliyovishwa jina zuri. Wala usimlipe mtu yeyote anayedai kukuuzia nafasi.

Tano, kwa atakayetaka kujiajiri baada ya mafunzo, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Masharti na muda wa maombi hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii.

Hatua kwa mwajiri

Mwajiri mwema huanza kwa kuitazama kazi, siyo ulemavu. Achukue karatasi aigawe kazi katika vipande: kupokea stakabadhi, kuziingiza kwenye mfumo, kulinganisha na taarifa ya benki, kuandaa ripoti. Kisha aulize, kipande kwa kipande, kinahitaji nini. Mara nyingi ataona kuwa mwanagenzi asiyeona anakwama kwenye kipande kimoja tu, yaani stakabadhi za karatasi, na kwamba mfanyakazi mwenzake anaweza kumsomea hizo kwa nusu saa kwa siku, huku yeye akiwapunguzia wengine kazi ya kulinganisha hesabu.

Baada ya hapo aandae mpango wenye vipindi. Kwa mwanagenzi wa uhasibu wa miezi sita, mwezi wa kwanza unaweza kuwa wa kumudu kifaa na mazingira ya ofisi. Mwezi wa pili na wa tatu, wa kufanya kazi kwa nakala za majaribio. Na mitatu ya mwisho, wa hesabu halisi chini ya msimamizi. Kila mwisho wa mwezi wakae wawili hao, waulizane kilichofaulu na kilichokwama. Mwanagenzi akikosea, asahihishwe kama mwingine yeyote. Kumsifu kwa kazi mbovu kwa sababu ya huruma ni njia nyingine ya kusema kuwa hatumtarajii kuweza.

Mwisho, matangazo ya nafasi yaandikwe, yasipigwe picha. Tangazo la picha linalozungushwa katika makundi ya simu limekwisha kuwabagua waombaji wasioona kabla ya usaili kuanza. Tunalisema hili tukiwa tumejikwaa hapohapo sisi wenyewe.

Wajibu wa familia na majirani

Upendo nao unaweza kuwa kikwazo. Mzazi anayesema, "Mwanangu ameumia, sasa apumzike," ana nia njema, lakini mapumziko yasiyo na mwisho huua ujuzi. Mwenza anayejibu maswali yote kwa niaba ya mgonjwa wake humzoesha kunyamaza. Familia ifanye mambo matatu mepesi: imwachie mhusika azungumze mwenyewe anapofika ofisini, imsaidie nauli na usindikizaji wa siku za mwanzo, na iachane na maneno yanayomfanya aonekane mzigo. Jirani aliyemsomea mhasibu wetu tangazo alitenda jema. Lingefika kwa wakati, jema hilo lingezaa matunda.

Maswali ya kujadili

Tunashauri maswali haya yajadiliwe katika mikutano ya vijiji na vikao vya kata:

1. Katika kijiji chetu, ni nani mwenye elimu au ufundi aliyeacha kazi baada ya kupata ulemavu? Ni lini mara ya mwisho aliulizwa anataka kufanya nini?

2. Ofisi ya kijiji, zahanati na shule zetu zinaingilika kwa kitimwendo? Ni ngazi ngapi zinazohitaji mteremko, na kila moja ina kimo gani?

3. Ni ofisi, duka au karakana gani katika kata yetu inayoweza kumpokea mwanagenzi mmoja kwa miezi sita?

4. Matangazo ya kijiji humfikiaje asiyeona, na mikutano yetu humfikiaje kiziwi?

Majibu yaandikwe na kuwasilishwa kwa Mtendaji wa Kata, ambaye atayafikisha kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Swali la tatu lisiachwe bila jibu. Mahali pamoja katika kila kata panatosha kuanzia.

Methali nyingine ya wahenga husema ujuzi hauzeeki. Kweli hauzeeki, lakini unaweza kufungiwa ndani hadi mwenye nao asahau kwamba anao. Mkazi aliyetupigia simu hakuwa amesahau. Tulipomwomba radhi, alitusikiliza kwa utulivu, kisha akauliza maswali mawili tu: tangazo lijalo litatoka lini, na je, litasomeka? La pili tumekwisha kulijibu kwa toleo hili. La kwanza linawasubiri waajiri wa wilaya yetu.